Kilo 54, sentimita 160 na fundi mmoja: nilivyochagua baiskeli ya mbio za milimani

Tangu niweke picha ya baiskeli yangu mpya (mpya kwangu, kiukweli ni mtumba) kila anayeniona ananiuliza vitu viwili, ni kampuni gani na ni shilingi ngapi. Nikishamjibu anaridhika anaenda zake, na mimi nabaki roho inaniuma maana najua hajapata kitu. Jina la kampuni ndo lilikua la mwisho kabisa kwenye vitu nilivyoangalia. Kabla ya hapo nimeendesha mwaka mzima na nusu baiskeli yenye jina kubwa ambayo haikua ya kwangu, yaani hela yangu, jasho langu, ila mwili ulioundiwa ile baiskeli ni wa mtu mwingine kabisa. Nataka nilieleze hilo taratibu kwa sababu kuna wadada wengi na vijana wembamba hapa Arusha na Moshi wanaoanza mbio za milimani saivi, na naona wanapita palepale nilipopita mimi.

Nina sentimita 160 na kilo 54. Zishike hizo namba mbili maana kila kitu kitarudi hapo.

Baiskeli ya kwanza niliipata kwa laki tatu na nusu, mtumba wa Ulaya, matairi inchi 26, fremu imeandikwa 19, yaani saizi yake kwa inchi. Muuzaji akanishushia siti mpaka mwisho, akanipandisha, akasema "umeona dada, miguu inafika." Miguu ilifika kweli. Nilichokua sijui ni kwamba kushusha siti hakusogezi usukani. Fremu ina urefu wa kwenda juu na urefu wa kwenda mbele, ule wa juu utaupunguza kwa siti, ule wa mbele umechomelewa na haubadiliki. Kwa hiyo nilikua najinyoosha juu ya lile bomba kama mtu anayefua kwenye beseni lililowekwa mbali, mabega yamekaza, na nikifika kwenye kona kali ya mteremko mikono tayari imenyooka yote, hakuna kiwiko kilichobaki cha kukunja. Nikabadilisha shingo ya usukani, kutoka milimita 100 nikaweka 60, nikapata nafuu kidogo, ila ukifupisha hivo baiskeli ya zamani inakua na wasiwasi, inayumbayumba mbele kama haijui iende wapi. Na mitumba mingi inayoshuka hapa ndo saizi hizo, kwa sababu aliyeinunua ikiwa mpya alikua mwanaume wa mita 1 na sentimita 80 uko Ujerumani au Uholanzi. Saizi ndogo zipo ila unazisubiri, unapita kila wiki, unamwachia muuzaji namba.

Alafu ndo tuje kwenye shokapu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo palinifumbua macho.

Njia yangu ya kila wiki ni kupandia Ngaramtoni hadi ndani ya msitu wa Olmotonyi, miti ya misindano kushoto na kulia, kisha kushuka njia ya magogo ambayo mvua imeichimba mifereji na mawe yamejitokeza. Siku moja nimeshuka vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vimekufa ganzi, siwezi hata kufungua kizibo cha chupa ya maji. Nikapitia kwa fundi wangu, mzee mmoja wa Ngarenaro ambaye kazi yake kubwa ni baiskeli za kubebea mizigo, nikamwambia mzee mikono inakufa, nahisi ni glovu. Hakuangalia glovu. Akaniuliza, "Shokapu inacheza?"

Nikamwambia inacheza vizuri tu, hata kule nilikonunua waliibonyeza nikaona.

"Aliyebonyeza nani, wewe au yeye?"

Kweli aliyebonyeza ni muuzaji, na alikua na kitambi. Mzee akachukua ile kamba ndogo ya plastiki ya kubania waya, akaifunga kwenye bomba la shokapu linalong'aa, akaisukuma mpaka chini igusane na sili ya vumbi, akakata mkia. Akasema nenda ulikotoka, alafu urudi. Ile kamba shokapu ikizama inasukumwa juu, shokapu ikirudi kamba inabaki palepale ilipofikishwa, kwa hiyo inakuandikia mzamo mkubwa kuliko yote wa safari nzima. Nikarudi Olmotonyi kesho yake, nikashuka njia ileile, mawe yaleyale, na kuna sehemu nilitua mfereji mpaka meno yakagongana. Nikarudi kwake. Akatoa rula ya shule. Sentimita 3. Ile shokapu imeandikwa milimita 100, yaani ina sentimita 10 za kuzama na mimi siku yangu mbaya kuliko zote nilitumia 3.

"Binti, hii springi ya mtu wa kilo 80," akasema. "Wewe umebeba chuma tu."

Hizo shokapu za springi zinazokuja kwenye baiskeli za bei nafuu zina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, na kile kitasa cha juu wanachosema ni cha kulegeza na kukaza kinabana springi kidogo tu, hakibadilishi springi yenyewe. Ukiwa mzito wa kutosha itakubeba na utaisifia, na hutaelewa kwa nini mwenzako analalamika. Ukiwa na kilo 54 umepanda milima yote na mzigo ambao kwenye kushuka haukusaidii chochote. Ndo maana kitu cha kwanza nilichoandika kwenye daftari langu la baiskeli mpya, kabla ya gia, kabla ya rangi, kabla ya chochote, ni shokapu ya upepo. Hiyo unaijaza kwa pampu yake ndogo yenye geji, na unaipima kwa mwili wako. Unavaa kila kitu cha mbio, maji, begi, kofia, unasimama juu ya pedeli mtu akikushikilia, na ile kamba inakuonyesha umezama kiasi gani kwa uzito wako tu. Kwa mbio hizi watu wengi wanataka asilimia 15 hadi 20 ya urefu wote, yaani kwenye sentimita 10 izame 1 na nusu hadi 2. Mtu wa kilo 90 anaongeza upepo, mimi napunguza, shokapu ni ileile.

Sasa baiskeli ya mbio gani hasa, maana hapa watu wanachanganya. Mbio za milimani zina aina nyingi na mbili ndo zinanihusu. Kuna zile za mizunguko, ndo zile za Olimpiki, zilianza Atlanta 1996, mzunguko mmoja wa kilomita 4 hadi 6 unarudiwa mara kadhaa, yote inaisha ndani ya saa moja na nusu hivi, kupanda kwa nguvu kushuka kwa roho mkononi. Na kuna maratoni, ambayo kwa kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, ni kati ya kilomita 60 na 160, unatoka asubuhi unarudi mchana, na hapo adui sio jiwe moja kubwa, adui ni uchovu na kiu na kitu kidogo kilicholegea kilomita ya 45. Alafu kuna ukoo wa maratoni za siku nyingi kama Cape Epic ya Afrika Kusini, siku 8, mnaenda wawiliwawili na hamruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2. Uzuri ni kwamba baiskeli inayofaa mizunguko inafaa maratoni pia, tofauti ni ndogondogo, ila hizo ndogondogo ndo zitakuamulia.

Swali kubwa ambalo kila mtu anabishana nalo ni shokapu mbele tu au mbele na nyuma. Mimi huwa nawarudisha watu London 2012, mbio za wanaume uko Hadleigh Farm. Jaroslav Kulhavý wa Czech alikua na shokapu mbele na nyuma na matairi ya inchi 29. Nino Schurter wa Uswisi alikua na shokapu mbele tu na matairi ya 27.5. Wamepigana mbio nzima, Kulhavý akampita mwishoni kabisa akashinda kwa sekunde 1. Na wa tatu, Marco Fontana wa Italia, siti yake ilikatika mzunguko wa mwisho akamaliza amesimama na bado akachukua shaba. Mbio hizohizo ndo alikuwemo jirani yetu Adrien Niyonshuti wa Rwanda, ambaye pia ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, na miaka minne baadae Rio Mnyarwanda mwingine Nathan Byukusenge akashindana kwenye mbio hizohizo. Nikiwaona wale naona hii michezo sio ya mbali. Ila ninachotaka uone hapo ni ile sekunde 1. Kama mabingwa wawili wenye mafundi wao na magari ya vipuri wametofautiana sekunde 1 kwa baiskeli za aina mbili, basi mimi na wewe aina sio jambo la kutukosesha usingizi, la kutukosesha usingizi ni nani ataifungua ikiharibika.

Kiukweli leo kwenye mbio kubwa shokapu mbele na nyuma zimeshinda ubishi, njia zimekua ngumu zaidi na baiskeli zenyewe zimekua nyepesi, na kwenye maratoni ndefu mgongo unashukuru. Nimeshaijaribu ya rafiki, kwenye mawe unakaa kwenye siti unaendelea kukanyaga wakati mimi inabidi nisimame. Sikatai. Lakini hesabu yangu ilikua hivi. Watengenezaji wengi wa shokapu wanaandika huduma ndogo kila masaa 50, unafungua, unasafisha, unabadilisha mafuta na sponji za vumbi. Mimi naendesha masaa 8 kwa wiki, kwa hiyo masaa 50 yanaisha ndani ya wiki 6. Shokapu moja ya mbele fundi wangu tumejifunza naye kuifungua, tumeifungua pamoja mezani na simu ikiwa imeegeshwa inaonyesha picha, na sasa anaifanya mwenyewe kwa saa moja. Ukiongeza ya nyuma unaongeza shokapu nyingine yenye sili zake, na viungo vya fremu vyenye beringi 6, 8, hata zaidi, na vumbi letu la kiangazi la upande wa Meru ni laini kama unga wa sembe, linaingia popote. Beringi ikianza kulia katikati ya msimu unaagiza, unasubiri, unalipia usafiri kuliko beringi yenyewe. Na kuna jambo la maji ambalo wengi hawalifikirii, fremu ndogo yenye shokapu ya nyuma mara nyingi ina nafasi ya chupa moja tu ndani, wakati fremu ndogo ya shokapu mbele tu inabeba mbili. Kilomita 70 kwenye jua la upande wa Longido na chupa moja, hapana. Nikachagua mbele tu na sijajuta.

Saizi ya tairi nilikua na hofu nayo. Niliambiwa mtu mfupi asiguse 29, achukue 27.5, na zamani ilikua na maana kwa sababu fremu ndogo za 29 za mwanzo zilikua vibaya, usukani juu, vidole vya mguu vinagusa tairi ukikata kona. Fremu za miaka ya karibuni zimerekebishwa. Inchi 29 inapita juu ya shimo ambalo 26 inaingia, ni suala la pembe tu, duara kubwa linagonga ukingo wa shimo kwa mlalo zaidi, na kwenye maratoni ambako unagonga vitu elfu hiyo ni nguvu unayoiokoa. Nilichofanya ni kugeuza shingo ya usukani iangalie chini na kutoa zile pete zote za chini yake, usukani ukashuka hadi sawa na siti. Basi.

Gia. Hapa nitakupa hesabu niliyoifanya kwenye daftari maana ilinishangaza. Baiskeli yangu ya zamani ilikua na sproketi 3 mbele, ndogo kabisa meno 22, na nyuma kubwa kabisa meno 34. Ukizungusha pedeli mara moja kwenye gia nyepesi kuliko zote unasogea kama mita 1.33. Baiskeli za kisasa zenye sproketi moja mbele, tuseme meno 30, na kaseti (yale masproketi ya nyuma yaliyopangana) ambayo kubwa yake ina meno 51, na tairi la 29, zinakupeleka kama mita 1.35. Ni kitu kilekile! Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba gia 12 zinapanda mlima ambao ile ya zamani haipandi. Sproketi moja nimeipenda kwa sababu nyingine. Kwenye tope la masika cheni ya zamani ilikua inanasa kati ya sproketi na fremu, unasikia kraaa, umesimama, wenzako wanakupita. Ikiwa moja hakuna cha kubadilisha mbele, hakuna waya, hakuna kunasa, na meno yake yanapishana mapana na membamba ili cheni isiruke.

Ila angalia sana habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha tairi, inabeba kaseti ya aina gani, hili ni la muhimu kwetu kuliko idadi ya gia. Ile ya zamani ya kampuni ya Shimano wanayoiita HG inakubali kaseti za gia 8, 9, 10 na hata 11, na hizo ndo vipuri unavyoweza kuvikuta kwa fundi, Nairobi, kwa mtu anayevunja baiskeli ya mtumba. Zile za gia 12 nyingi zinataka habu zao, Shimano ni Micro Spline, wenzao SRAM ni XD, na kaseti zake bei imesimama. Yangu ina gia 11 na habu ya HG. Ilikuja na sproketi ya 32 mbele na kaseti ya 11 hadi 42, ambayo ni mita 1.75 kwa mzunguko, ngumu mno kwa miguu yangu saa ya nne ya mbio, nikaweka 30 mbele na 46 nyuma baada ya kuhakikisha mkono wa gia wa nyuma, ule unaosogeza cheni, unaikubali, imekua mita 1.5. Inatosha Olmotonyi, kwa shida, ila inatosha.

Breki lazima ziwe diski za mafuta, waya hapana, kwenye mteremko mrefu kidole kimoja kinatosha na vingine vinashika usukani. Lakini jua ni mafuta gani. Shimano wanatumia mafuta ya madini, SRAM kwa miaka mingi wametumia DOT, yale ya breki za magari na pikipiki ambayo yapo duka lolote la spea. Usije ukachanganya. Rafiki yangu alipeleka breki zake za Shimano kwa fundi wa pikipiki, yule fundi kwa nia njema kabisa akajaza DOT 4, baada ya wiki kama mbili hivi mpira wa ndani umevimba, breki inabana yenyewe hairudi, na hakukua na cha kurekebisha, alinunua breki nzima. Sasa nimeandika kwa maka pen juu ya mkono wa breki MAFUTA YA MADINI TU, na chupa yake ndogo nimeiacha kwa mzee.

Kwenye matairi ndo usibane hela kabisa. Sisi adui yetu ni mwiba wa mgunga. Ukitoka lami kuelekea tambarare za Longido au ukikatiza Kisongo kwenda Monduli, mwiba upo, mrefu kama kidole, mweupe, mkavu, unaingia kama sindano ya hospitali. Nikiwa na tyubu nilishawahi kuziba pancha 5 kwa siku moja, ya tano nikaikosea gundi mikono inatetemeka njaa. Tubelesi imenibadilishia maisha. Unaweka yale maji meupe ya latex ndani, mwiba ukiingia unauchomoa, maji yanatoka kidogo fyuuu, unazungusha tairi tundu likae chini, limeziba. Tundu kubwa unachomeka kile kikamba kinachofanana na utambi, mafundi wa pancha za magari wanakijua. Ila joto letu linakausha yale maji haraka, wenye baridi wanakaa nayo miezi mingi, mimi kila baada ya miezi 2 natikisa tairi sikioni, nisiposikia maji yakicheza naongeza. Na faida nyingine ya tubelesi kwa mtu mwepesi ni upepo mdogo. Tairi zangu upana 2.25, naweka 18 psi (kipimo cha upepo) mbele na 20 nyuma, nilikua nawekewa 40 na vijana wa pancha, tairi linadunda juu ya kila jiwe kama mpira. Hiyo 18 ni shokapu ya bure. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha akiwa mbele, akabadilishiwa tairi, akawakimbiza mpaka akashinda dhahabu, ila yeye alikua na fundi anamsubiri na tairi mkononi. Wewe uko porini na mbuzi wa Wamasai.

Basi nikazunguka miezi minne na hayo yote kwenye daftari. Mpya ya namna hiyo bei yake ilikua zaidi ya uwezo wangu, kwa hiyo nikawafuata wageni wanaohama. Arusha ina watu wengi wanaokuja kufanya kazi miaka miwili mitatu na wakiondoka wanauza kila kitu, na wengine wana baiskeli nzuri zimekaa barazani. Mama mmoja wa Njiro alikua anarudi kwao, mfupi kama mimi, nilipomwona tu amesimama mlangoni moyo ukanilipuka, nikajua saizi nimeipata. Inchi 29, fremu ndogo ya alumini, shokapu ya upepo milimita 100.

Nilijizuia nisionyeshe furaha. Nikaomba ndoo ya maji na kitambaa nikaiosha kwanza palepale, akashangaa ila akanikubalia, kwa sababu ufa unajificha kwenye uchafu. Nikapitisha kidole kwenye kila kiungo cha kuchomelea, hasa pale chini kwenye pedeli na pale bomba la siti linapokutana na la juu. Nikapitisha ukucha kwenye bomba zinazong'aa za shokapu, juu hadi chini, kila upande, maana mkwaruzo ambao jicho halioni ukucha unaudaka, na mkwaruzo mmoja unakula sili mpaka mafuta yatoke. Nyuma ya bomba la kulia kulikua na kimoja kidogo, juu kabisa, mahali ambapo shokapu haifiki mara nyingi. Nikakionyesha. Nikashika tairi juu nikalitikisa kushoto kulia, la nyuma lilikua na mchezo kidogo, habu inataka kukazwa. Nikafunga breki ya mbele nikaisukuma baiskeli mbele nyuma kusikia kama shingo inagonga, iko kimya. Nikachomoa nguzo ya siti, na hii usiisahau, nguzo iliyokwama kwenye fremu ni hasara ambayo hakuna fundi atakuondolea bila kukata. Ikatoka. Tulipatana milioni 1 na laki 3, na pampu ya shokapu juu, ile pampu peke yake ningehangaika nayo.

Mizani ya mchele ya dukani kwetu inasema kilo 12 na gramu 100. Sio nyepesi kwa watu wa mbio. Ningeweza kukopa nikatafuta ya kilo 10, lakini kwenye mbio yangu ya kwanza ya kilomita 70 nilianza na chupa mbili za maji na begi lenye lita nyingine, hizo ni zaidi ya kilo 2 tayari, na ningeambiwa nichague kupunguza maji au kupunguza chuma, wote tunajua jibu. Nilimaliza masaa 5 na dakika 20. Miiba 3 niliichomoa, hakuna hata mmoja ulionisimamisha zaidi ya dakika moja, na mikono haikufa ganzi.

Kinachofuata nataka kwenda ile ya 10to4 ya Mlima Kenya, ambayo jina lake ni kushuka kutoka futi 10,000 hadi 4,000, na kwa kushuka kote huko naanza kufikiria nguzo ya siti inayozama kwa kubonyeza, na mzee ameshaniuliza inafunguliwaje. Fremu yangu ina tundu la kupitisha waya wake, nimeliona wakati naosha.

Jumamosi iliyopita tulifunga tena ile kamba ya plastiki kwenye shokapu mpya nikaenda Olmotonyi, mifereji ileile, nikarudi Ngarenaro jioni. Mzee akatoa rula. Sentimita 8 na nusu. Akaniambia toa upepo psi 3, kuna moja na nusu hujaila bado.